Goti moja, majeraha mawili: kwa nini gegedu ndilo linalopanga ratiba

Kibokoni, Mombasa, kwenye baraza ya nyumba ya dada yangu, vijana wawili walikuwa wameegemea ukuta baada ya sala ya Alasiri. Wote wawili walikuwa wamepasuliwa goti wiki mbili kabla, siku zao zikikaribiana, na ukiwauliza wanaumwa nini, jibu lao lilikuwa moja: mshipa. Mmoja, kijana wa Majengo, alikuwa ameshatupa magongo na alikuja kwa miguu yake kutoka aliposhushwa na tuktuk. Mwengine ni mpwa wangu. Magongo yake mawili yalikuwa pembeni yake, na amri ya daktari ilikuwa mguu wa kulia usiguse chini ila kwa ncha za vidole, kwa wiki 6.

Dada yangu alitoka na sinia ya kahawa. Akamtazama mgeni, akamtazama mwanawe, kisha akanigeukia mimi kana kwamba kuna jambo nimemficha.

"Kaka, mbona huyu anatembea? Si upasuaji ni ule ule? Au wetu wameuharibu?"

Haukuwa ule ule: mgeni alitengenezwa kitu kimoja, mpwa wangu viwili. Kumweleza kulinichukua jioni nzima, na haya ninayoandika hapa ni marudio ya maelezo yale, nikiongeza niliyoyasahau kwa sababu ya kahawa.

Tatizo linaanzia kwenye lugha. Kwetu neno mshipa limebebeshwa kazi nyingi kuliko haki yake. Kinachopitisha damu ni mshipa, neva ni mshipa, kano inayoshikisha msuli kwenye mfupa ni mshipa, na ligamenti inayofunga mfupa kwa mfupa nayo ni mshipa. Mzee akisema ana mshipa, huenda anazungumzia kitu kingine kabisa ambacho hakitajwi mbele ya watoto. Gegedu, kwa upande wake, mtaani halina hata jina. Wengi wetu tunalijua kwa kulitafuna, pale mwisho wa mfupa wa kuku. Kwa hivyo kijana akitoka hospitali akiwa ametengenezwa vitu viwili, nyumbani hufika na kimoja tu, kile chenye jina.

Fikiria dafu lililopasuliwa. Kifuu ndio mfupa. Ile nyama nyeupe inayoteleza chini ya kijiko ndiyo gegedu: imelala juu ya kifuu na kukishika, na katika goti unene wake sehemu nyingi ni milimita 2 hadi 4, zaidi kidogo nyuma ya pia ya goti. Na ile kamba ya usumba inayosokotwa kutokana na makumbi ya nazi hiyo hiyo ndiyo ligamenti. Mti mmoja, vitu vitatu, na kila kimoja kina tabia yake. Kifuu kigumu, kamba haikubali kuvutwa, nyama yateleza.

Ndani ya goti kuna ligamenti mbili zilizopishana kama herufi X. Ya mbele, ambayo hospitalini utasikia wakiiita ACL, kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usichomoke mbele na usizunguke kupita kiasi chini ya mfupa wa paja. Baina ya mifupa hiyo miwili kuna pia meniski mbili, vipande vya umbo la mwezi mwandamo vinavyogawa uzito. Hizi nazo ni gegedu la aina nyengine, na mara nyingi hupasuka pamoja na ligamenti, lakini leo sizungumzii hizo. Nazungumzia lile gegedu lililoupaka mfupa wenyewe.

Gegedu hilo halina mishipa ya damu wala neva. Hulishwa na ute wa goti: ukiuweka mguu chini linabanwa, ukiunyanyua linanyonya, kama sponji. Faida yake ni kwamba hulisikii ukikimbia. Hasara yake ni kwamba likiumia pia hulisikii, mpaka mfupa wa chini uanze kulalamika, na kwa kuwa damu haifiki, hakuna fundi wa kuja kuziba. William Hunter, daktari wa London, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karibu miaka 300 baadaye tumeongeza mbinu nyingi, ila sentensi yake bado haijafutwa, imewekewa viraka tu.

Sasa twende uwanja wa Serani, kwenye mpira wa jioni. Mpwa wangu alikuwa anakimbia na mpira, akaukita mguu wa kulia ili akate kushoto, na hakuna aliyemgusa. Ndivyo ACL nyingi zinavyokatika: kijana yuko peke yake, mguu umeshika ardhi, mwili umegeuka, goti limebaki. Alisikia "ta!" Ndani ya saa mbili goti lilikuwa limejaa kama boga. Alama hiyo ni ya kuishika. Goti linalojaa haraka hivyo kwa kawaida limejaa damu, na damu ndani ya goti mara nyingi humaanisha ligamenti. Linalovimba kesho yake asubuhi huwa na hadithi nyengine.

Mfupa wa muundi unapochomoka mbele na kuzunguka, sehemu ya nje ya mfupa wa paja hugongana na ukingo wa nyuma wa muundi. Ndio maana picha ya MRI ya goti ambalo ACL imekatika karibuni huonyesha mara nyingi sana damu imevilia ndani ya mfupa, mahali pale pale, kama muhuri. Baina ya mifupa hiyo inayogongana kuna nini? Gegedu la pande zote mbili. Linaweza kunusurika, linaweza kuchubuka, linaweza kumeguka kipande kikaelea gotini. Majeraha haya mawili basi si bahati mbaya mbili. Ni ajali moja yenye risiti mbili.

Yule wa Majengo alipelekwa hospitali mapema, akapigwa MRI, akapangiwa upasuaji mwezi wa tatu baada ya kuumia. Mpwa wangu alianza kwa mkandaji. Siwatukani wakandaji, mgongo wangu mwenyewe una deni kwao, lakini goti lililojaa damu halikandwi. Liliposhuka uvimbe baada ya wiki tatu, kila mtu alisema limepona, naye mwenyewe akaamini, kwa sababu kutembea wima kwenye lami hakuhitaji sana ACL. Kinachoihitaji ni kugeuka. Alikaa hivyo miezi 14. Goti lilimtupa mara mbili uwanjani, mara moja kwenye ngazi za nyumbani, na mara moja akishuka feri Likoni na ndoo ya samaki kichwani, watu wakimsukuma nyuma. Kila goti linapotupa, mifupa huteleza na kusagana, na kila msago huchukua chake katika gegedu na meniski. Kadiri ACL iliyokatika inavyokaa bila kushughulikiwa katika goti linalotupa, hasa mwaka ukipita, ndivyo daktari anavyokuta uharibifu zaidi ndani. Hilo limeonekana tena na tena katika nchi mbalimbali.

Lakini huwezi kujua kwa hakika mpaka uingie. MRI huona ligamenti vizuri. Gegedu huliona kwa kubahatisha zaidi, na vidonda vingine humpita. Anayeona kweli ni kamera nyembamba inayoingizwa gotini kwa tundu dogo, kazi ambayo huko Japani ilianza mwaka 1918 pale Kenji Takagi alipochungulia goti la maiti kwa chombo kilichotengenezwa kuangalia kibofu. Kwa hiyo mgonjwa huingia thieta na mpango wa ligamenti, na suala la gegedu huamuliwa akiwa tayari kitandani. Kabla ya kutia saini ile karatasi ya ridhaa kuna swali moja linalostahili kuulizwa: "Daktari, ukikuta gegedu lina shimo, utafanya nini?" Jibu linaweza kuamua kama utarudi kazini baada ya wiki mbili au miezi miwili, na hilo si jambo la kuambiwa ukiwa umeshafungwa bandeji.

Kilichoonekana kwenye skrini

Mpwa wangu alichomwa sindano ya uti wa mgongo, hakulazwa usingizi. Skrini ilikuwa mbele yake. "Mjomba," aliniambia, "niliona goti langu kama kwenye televisheni, ndani yote nyeupe kama theluji, na nyuzi zinaelea kama mwani." Mwani ule ulikuwa mabaki ya ACL. Kisha kamera ikageuka kwenye nundu ya upande wa ndani ya mwisho wa mfupa wa paja, pale ambapo uzito wa mwili hutua, na katikati ya weupe kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, chenye rangi ya manjano. Umanjano ule ulikuwa mfupa.

Madaktari hupima kidonda cha gegedu kwa daraja, kutoka 0 hadi 4. Daraja la 1 ni ulaini tu, la 4 ni shimo lililofika mfupani. Lakini daraja peke yake halitoshi kuamua. Wanaangalia pia ukubwa, mahali, umri wa mtu, uzito wake, na kama miguu yake imenyooka au imepinda kama upinde, kwani mguu uliopinda huendelea kusaga upande ule ule hata ukiuziba mara kumi.

Jambo la kwanza ambalo dada yangu hakulitarajia ni kwamba mara nyingi chaguo zuri ni kuacha. Kidonda kidogo, kisicho kwenye njia ya uzito, kilichoonekana kwa sababu tu kamera imepita hapo, huachwa, au huparwa nyuzi zake zilizolegea na basi. Mwaka 2016 watafiti waliotumia rejista, yaani daftari za kitaifa za wagonjwa waliopasuliwa, za Norwei na Uswidi walitoa matokeo ya watu waliojengewa ACL huku gegedu lao likiwa na shimo la kufika mfupani. Miaka 2 baada ya upasuaji, waliotobolewa mfupa ili kuotesha gegedu jipya walikuwa na hali mbaya kuliko ambao shimo lao halikuguswa. Walioparwa tu hawakutofautiana na walioachwa. Rejista si jaribio ambalo bahati nasibu huamua nani atibiwe vipi, huenda waliotobolewa walikuwa na magoti mabaya zaidi tangu mwanzo, lakini matokeo hayo yalitosha kuwafanya madaktari wengi washike mkono wao kidogo kabla ya kutoboa.

Kutoboa huko ndiko kulikofanywa kwa mpwa wangu, na kuna sababu: kidonda kilikuwa mahali pa uzito, kingo zake zilikuwa nzuri, na yeye ana miaka 22. Daktari kwanza alisafisha shimo mpaka kingo zikasimama wima. Kisha, kwa chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akagonga vitundu kwenye mfupa ulio wazi, kimoja mbali na chenzake kwa milimita 3 au 4. Richard Steadman wa Colorado, Marekani, ndiye aliyeanzisha mbinu hii miaka ya 1980, na uzuri wake kwa hospitali za kwetu ni kwamba haihitaji maabara wala kiwanda: chuma, nyundo na mkono uliotulia. Kijana alisikia mapigo ya nyundo nyongani, bila maumivu. Mwisho kabisa wakapunguza maji yanayopulizwa gotini, na hapo akaona jambo ambalo bado analisimulia kila mtu akija kumjulia hali: kutoka kila kitundu likachomoza tone jekundu, na juu ya tone vijichembe vya mafuta vinavyong'aa, kama mchuzi wa nyama ukianza kupoa. Uboho ule ndio dawa. Unaganda ndani ya shimo, na seli changa zilizomo huanza kujenga kiraka.

Kiraka hicho, na hapa ndipo watu wengi hudanganywa kwa kutoambiwa, si nyama ya dafu. Ni tishu ya nyuzinyuzi, iliyo karibu zaidi na makumbi. Inaziba, inapunguza maumivu, inambeba mtu kwa miaka kadhaa, lakini haitelezi wala kuhimili kama ile ya Mungu, na katika vidonda vikubwa nafuu yake hupungua baada ya miaka michache. Kwa hiyo hufaa zaidi kwa shimo dogo, la kama sentimita mraba 2, katika goti la kijana.

Njia nyengine ni kupandikiza. László Hangody wa Hungaria alianza mwaka 1992 kuchukua vijiti vya mfupa vyenye gegedu lake juu, kutoka pembezoni mwa goti ambako hakuna uzito mwingi, na kuvichomeka ndani ya shimo kimoja kimoja, kama wanavyopanda miche ya mikoko kwenye tope la Mikindani. Hiyo ni nyama ya dafu halisi. Shida ni kwamba unaikata kutoka goti lile lile, na pembezoni hakuna ya kugawa bila mwisho.

Ya tatu ni ya kilimo kweli. Kule Gothenburg, Uswidi, timu ya Lars Peterson na Mats Brittberg ilimtibu mgonjwa wa kwanza mwaka 1987 kwa kuchukua kijipande cha gegedu lake, kuzilea seli zake maabara mpaka ziwe nyingi, na kuzirudisha gotini. Mwaka 1994 walichapisha matokeo ya watu 23. Mbinu hiyo imeboreshwa tangu hapo, seli siku hizi hupandwa kwenye kitambaa chembamba kabla ya kubandikwa, na ndiyo inayofaa mashimo makubwa. Ila inataka upasuaji mara mbili, wiki kadhaa za maabara katikati, na fedha ambazo kwa familia nyingi za Mombasa ni bei ya kiwanja. Ukiambiwa utawekewa seli siku ile ile kwa bei ya sindano, uliza vizuri ni seli gani na zimelelewa wapi.

Kwa nini pamoja

Swali la pili la dada yangu lilikuwa la mtu mwenye akili: kwa nini wasitengeneze gegedu kwanza, mguu upone, ndipo waje kwenye ligamenti? Au kinyume chake?

Gegedu kwanza halifai kwa sababu goti lisilo na ACL bado linateleza. Kiraka kipya ni laini kama uji uliopoa. Mara moja goti likitupa, kimesagwa. Ni kujenga nyumba mchangani maji yakijaa. Kinyume chake kinawezekana, na wapo madaktari wanaojenga ligamenti leo na kulirudia gegedu baadaye, hasa pale seli zinapolelewa maabara. Lakini pale inapowezekana, kazi mbili kwa nusukaputi moja, kidonda kimoja, likizo moja ya kazini, ndiyo nafuu ya mgonjwa. Katika kisa cha mpwa wangu ligamenti mpya ilitengenezwa kwa kano mbili zilizochukuliwa ndani ya paja lake mwenyewe, kila moja ikakunjwa katikati, zikawa kifungu cha nyuzi nne kinene kama kalamu ya wino, zikapitishwa kwenye matundu yaliyochimbwa katika mifupa miwili na kukazwa kwa skrubu. Wengine hutumia kano iliyo chini ya pia ya goti, au ya msuli wa mbele wa paja. Kuna faida na gharama kila upande, na daktari hodari kwa njia anayoijua ni bora kuliko njia nzuri kwa mkono usioizoea.

Na hapa ndipo ratiba zinapogombana. Ligamenti mpya inataka mguu ukanyage mapema. Iko imara siku ya kwanza kwa sababu ya skrubu, na misuli ya paja isipofanya kazi hunyauka kwa kasi ya kutisha, ukiacha kuitumia wiki mbili unaona kwa macho. Ndio maana kijana wa Majengo aliamriwa asimame kesho yake. Gegedu lililotobolewa linataka kinyume: lisibebeshwe uzito, lakini likunjwe na kukunjuliwa mamia ya mara kwa siku, kwani mwendo ndio unaolilisha ute. Robert Salter wa Toronto, Kanada, ndiye aliyewafundisha madaktari kwamba kiungo kilichoumia kisifungwe plasta kikaganda, bali kisogezwe polepole bila kukoma, na kuna mashine inayofanya kazi hiyo. Kibokoni hatukuwa nayo. Alikaa juu ya meza ya kulia, miguu ikining'inia, mguu mzima ukiubeba mgonjwa na kuukunja na kuukunjua, huku ndugu yake mdogo akihesabu kwa sauti na kupoteza hesabu kila akifika sitini.

Amri mbili zinapokutana katika goti moja, anayeshinda wiki za mwanzo ni gegedu. Sifa anapewa mshipa, ratiba anapanga gegedu. Na si gegedu lolote: kama kidonda cha mpwa wangu kingekuwa nyuma ya pia ya goti, angeruhusiwa kukanyaga mguu ukiwa umenyooka ndani ya kishikizo, na kilichokatazwa kingekuwa kukunja. Mahali pa shimo ndipo penye sheria. Kwa hiyo kumwiga jirani ni hatari hata kama karatasi zenu za hospitali zina neno lile lile juu.

Mambo ambayo karatasi ya hospitali haikuyataja ni yale ya nyumba zetu. Ngazi za Mji wa Kale ni nyembamba na zimesimama kama za minara, na chumba chake kiko ghorofa ya pili. Kupanda, mguu mzima hutangulia, magongo hufuata. Kushuka, magongo hutangulia. Siku ya nne akachoka, akawa anashuka kwa makalio, ngazi moja moja, na mwanafiziotherapia, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, alipoambiwa akacheka akasema hiyo ndiyo njia bora. Choo cha kuchutama kilikuwa tatizo kubwa kuliko ngazi, kwani kuchutama hukunja goti kupita nyuzi 120 na kulibana pia ya goti kwa nguvu nyingi. Dada akanunua kile kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Na sala ilikuwa ya kiti vile vile, safu ya mwisho, pamoja na wazee. Hilo lilimuuma kuliko mshono. Sijda na kikao cha tahiyatu vinataka goti likunjwe lote na kubeba uzito hapo hapo, na goti lililofanyiwa kazi mbili huchukua miezi kufika huko, mengine hayafiki vizuri kabisa. Rukhsa ya mgonjwa ipo na imamu alimwambia hivyo, ila kijana wa miaka 22 kukaa kiti kimoja na babu yake ni mtihani ambao MRI hauuoni.

Kuna hatari upande wa pili pia, na ilimfikia yule wa Majengo. Kano iliyopandikizwa haina damu yake mwanzoni. Mwili unaivamia, unaimeng'enya kidogo, unaijenga upya iwe kama ligamenti, na katika kazi hiyo kuna kipindi ambapo inakuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa, takriban wiki ya 6 hadi ya 12. Hicho ndicho kipindi ambacho mtu hujisikia mzima kabisa. Uvimbe umekwisha, hatua imenyooka, wenzake wanampigia simu. Utafiti wa Norwei uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mtu anaochelewa kurudi kwenye michezo ya kukata na kuruka, mpaka mwezi wa 9, hupunguza majeraha mapya kwa karibu nusu. Mwezi wa 9, si wiki ya 9.

Hata hivyo haya yote si dhamana ya goti jipya. Miaka 10 hadi 20 baada ya ACL au meniski kupasuka, karibu nusu ya watu huwa na ugonjwa wa kusagika viungo wenye maumivu, na kujenga ligamenti hakujathibitishwa kuuondoa uwezekano huo. Nilimwambia dada hili pia. Alinyamaza, kisha akauliza kama mwanawe anajua. Anajua, aliambiwa na daktari kabla ya kutia saini, na akasema angalau ataweza kushuka feri bila kuanguka.

Wiki ya 7 mwanafiziotherapia alikuja nyumbani na mizani ya bafuni ndani ya mfuko wa sandarusi. Akaiweka sakafuni, karibu nayo akaweka kitabu kinene cha kimo kile kile, na kumwambia mpwa wangu asimame na magongo yake, mguu mzima kitabuni, mgonjwa juu ya mizani. "Bonyeza mpaka kilo 15. Ukipita, rudi." Sindano ikapanda hadi 8, ikatetemeka, ikaruka 22, ikashuka. Akajaribu tena. Yule wa Majengo alikuwa pale mlangoni na viatu vya mpira begani, anapita kwenda Serani kupasha tu, alivyosema. Mwanafiziotherapia hakugeuza kichwa. "Wewe kaa," akamwambia, "yako ndiyo inayokatika wiki hizi." Kijana akatua viatu, akakaa kwenye baraza, akaanza kusoma mizani kwa sauti kwa niaba ya mwenzake: kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tano, hapo hapo, usisogee.